Kifaransa cha Kidato cha Nne: Anzia Kwenye Kiswahili Chako

Wadogo zangu mnaoanza Kifaransa hapa Mtwara, na ninyi mliobakiza miezi michache tu kabla ya Novemba, nawaandikia kwa sababu haya ninayowaambia mimi niliyajua nimechelewa. Nilifanya mtihani wa Kifaransa kidato cha nne, nikaendelea nacho hadi kidato cha sita, na sasa jioni nawafundisha wanafunzi wachache barazani kwetu. Kila mwaka nakutana na makosa yaleyale niliyoyafanya mimi, na mengi yana chanzo kimoja: tunakipitisha Kifaransa kwenye Kiingereza.

Sababu inaeleweka. Masomo mengi ya sekondari tunasoma kwa Kiingereza, na kamusi zinazopatikana kirahisi ni za Kifaransa na Kiingereza. Basi mtu anawaza kwa Kiswahili, anageuza kwa Kiingereza, halafu ndipo atafute Kifaransa. Ni sawa na kutoka Mtwara mjini kwenda Lindi kwa kuzungukia Masasi na Nachingwea, na barabara ya Mingoyo ipo.

Kwenye mtihani wa majaribio tulitakiwa kujieleza. Nikaandika "Je suis dix-sept ans", na mistari miwili chini yake "Je suis faim". Mwalimu akaniita mezani. Hakunigombeza. Aliweka kidole kwenye sentensi ya kwanza akaniuliza, "Kwa Kiswahili ungesemaje?" Nikajibu, "Nina miaka kumi na saba." "Hiyo 'nina' kwa Kifaransa ni nini?" Nikasema, "J'ai." Akanipa kalamu nisahihishe mwenyewe.

J'ai dix-sept ans. J'ai faim, nina njaa. J'ai soif, nina kiu. J'ai sommeil, nina usingizi. Mfaransa naye anasema "nina", kama sisi. Kilichonikosesha ni Kiingereza, kinachosema mtu "ni" njaa. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta mengine ya namna hiyo, na yako mengi kuliko nilivyotarajia.

Tazama "kuna". Ni ku ya mahali na -na ya kuwa na kitu. Kifaransa "il y a" kimejengwa hivyohivyo: y ya mahali, a ya kuwa na. Tazama "nakupenda": yule anayependwa anakaa kabla ya mzizi wa kitenzi, kama ilivyo "je t'aime". "Namwona" ni "je le vois", au "je la vois" akiwa mwanamke. Wanafunzi wanaoandika "je vois le" wametoka nayo kwenye Kiingereza, maana Kiswahili chao hakiwezi kuwatuma huko.

Kisha umilikaji. Asha ana kitabu chake, Juma ana kitabu chake. Hiyo "chake" inafuata kitabu, haimfuati Asha wala Juma. Ndivyo Kifaransa kilivyo: son livre kwa wote wawili, sa maison kwa wote wawili, kwa sababu livre ni ya kiume na maison ni ya kike. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniandikia "sa père" kwa kuwa mwenye baba ni msichana. Huyo namwambia aseme kwanza "baba yake", aniambie kama neno linabadilika akimtaja kaka badala ya dada.

Hata ukanushi. "Ninasoma" ikikanushwa inakuwa "sisomi": mbele pamebadilika, na mwishoni a imekuwa i. Kifaransa nacho kinashika kitenzi pande zote mbili, je ne lis pas. Kwenye mazungumzo ya mtaani Wafaransa wengi huangusha ile ne, lakini kwenye karatasi ya mtihani usiiangushe.

Na nyakati zilizopita, ambazo huwatoa watu jasho. "Nilikuwa nasoma, mama akaingia." Hiyo "nilikuwa nasoma" ni imparfait, tendo lililokuwa likiendelea; "akaingia" ni passé composé, tendo lililotokea likaisha. Je lisais quand ma mère est entrée. Ukiisema sentensi yako kwa Kiswahili kizuri kabla ya kuandika, mara nyingi utakuwa umeshajua wakati unaoutaka.

Jinsia ya nomino ndiyo inayolalamikiwa zaidi. "Kwa nini meza iwe ya kike?" Sisi tuna ngeli, na wengi wetu tulianza nazo nyumbani kwenye Kimakonde, Kiyao au Kimwera kabla hata ya Kiswahili kukaa sawa mdomoni. Tunajua kwamba nomino ndiyo inayoamrisha sentensi nzima: kiti kizuri kimevunjika, viti vizuri vimevunjika. Hakuna anayeuliza kwa nini kiti kiko na kijiko. Kifaransa kina makundi mawili tu. Upatanisho wake tayari unao kichwani. Unachokosa ni kujua kila neno liko kundi gani.

Hapo hakuna njia ya mkato, ila kuna njia nzuri. Mimi nilikuwa navuka kwa kivuko kutoka Msangamkuu kila siku ya shule. Nilikuwa na daftari kaunta na kalamu mbili, ya bluu kwa maneno ya kiume na nyekundu kwa ya kike. Maneno matano wakati wa kwenda, matano wakati wa kurudi, na yote niliyachukua kwenye vitu nilivyoviona pale: un filet, wavu, une pirogue, mtumbwi, une rame, kasia, un poulpe, pweza. Sikuandika nomino hata moja peke yake. Nilitumia un au une, si le au la, kwa sababu neno likianza na irabu, ile l' inaficha jinsia: l'école haikuambii kitu, une école inakuambia. Kisha niliongeza sifa, ili sikio lizoee: un bateau blanc, une maison blanche.

Siku moja niliandika voile nikashindwa kuchagua rangi. Kumbe une voile ni tanga la chombo, na un voile ni ushungi. Tanga lilikuwa mbele yangu majini, ushungi ulikuwa kichwani kwa mama aliyekaa karibu nami. Sijawahi kuisahau jinsia ya neno hilo tena.

Miisho nayo husaidia. Maneno yanayoishia na -tion, -té na -ette kwa kawaida ni ya kike. Yanayoishia na -ment, -age na -eau kwa kawaida ni ya kiume. Yako yanayokiuka, na moja mnalikanyaga kila Jumapili pale Shangani: la plage. Mengine ni la page, l'image, l'eau.

Ila Kiswahili hakitakubeba mpaka mwisho. "Kuna joto" si "il y a chaud", ni il fait chaud. "Yeye" wetu mmoja kwao ni wawili, il na elle. "Na" yetu inabeba mengi: dada na kaka ni et, lakini "nimekuja na dada" ni avec. Sehemu kama hizi ziandike ukurasa wa nyuma wa daftari uzirudie kila wiki.

Sauti ni ugumu wa kweli kwetu, kwa kuwa tumezoea kuandika tunachosikia. Je parle, tu parles, ils parlent: zote sikioni ni neno moja. Kwenye imla usikimbilie kitenzi, tafuta kwanza nani anatenda, ndipo uweke mwisho wake. Kwa kusikiliza, RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi, Journal en français facile, kama dakika 10 kila siku, na maandishi yake yanapatikana. RFI hiyohiyo inatangaza kwa Kiswahili. Sikiliza habari za siku kwa Kiswahili kwanza, kisha hiyo ya Kifaransa. Ukijua kilichotokea, masikio hayahangaiki.

Kwenye insha, andika kwenu. Nimesoma insha nyingi za watoto wa Tandahimba na Newala zinazosimulia theluji ambayo hawajaiona, zimejaa maneno ya kukariri yasiyoshikana. Andika mkorosho, l'anacardier. Andika korosho, les noix de cajou, na bibo lake, la pomme de cajou. Andika muhogo, le manioc, na maji kupwa, la marée basse. Ukiwa na maneno kama arobaini ya maisha yako, unaweza kujibu swali la kijiji, la familia, la likizo na la kazi za wazazi.

Barua nayo ina adabu yake. Rafiki ni "tu", wewe ya kawaida, mkuu wa shule ni "vous", wewe ya heshima, na ukianza na moja usihamie nyingine katikati. Wewe humpi mtu mzima "mambo" halafu ukamalizia na shikamoo.

Mitihani iliyopita ifanye kwa saa, bila kamusi. Baraza la Mitihani huchapisha pia uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo utaona majibu mabovu ya wenzako wa miaka ya nyuma na sababu ya kukosa. Mimi naithamini taarifa hiyo kuliko vitabu vingi vya mazoezi.

Ndani ya chumba cha mtihani bakiza dakika 15 usome kazi yako mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja tu: vitenzi, kisha jinsia, kisha aksenti. A inaanzia alama 75 na B inaanzia 65, na naamini wengi huzimwaga hizo kumi za katikati kwenye herufi za mwisho wa maneno. Wasichana, mkiandika mahali mlipozaliwa, wekeni ile e ya pili: je suis née à Msangamkuu. Wavulana waiache: je suis né.