Kabla hujabadilisha boksi la fyuzi, jua kwanza nini kimelichoma

Fundi umeme wa magari akikuambia, "Bosi, boksi la fyuzi limekufa, tafuta lingine," usikimbilie dukani. Mwombe akuonyeshe palipoungua. Ukifunga jingine bila kujua kilicholiunguza la kwanza, hilo nalo litaungua vilevile.

Gari langu linabeba samaki kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Dalili zilianzia kwenye feni ya rejeta: ukikaa kwenye foleni Buzuruga joto la injini linapanda, ukilipiga boksi kofi feni inazunguka. Fyuzi yake ilikuwa nzima kabisa. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Fyuzi hukatika umeme unapozidi kiwango chake, lakini pini ya kuunganishia waya ikilegea au ikishika kutu, umeme uleule wa kawaida unapita kwa shida. Panapata joto, plastiki inalainika, pini inazidi kulegea, joto linaongezeka. Fyuzi haina habari. Tulipochomoa plagi za waya zilizo chini ya boksi tukakuta tundu moja limepanuka na kuwa jeusi, na pembeni yake ule unga wa kijani wa shaba iliyoliwa na maji. Mimi nawashuku vijana wa kuosha magari na pampu zao za presha. Wanapenda injini ing'ae. Siku hizi nawaambia boneti isifunguliwe.

Kwenye spea, usinunue kwa sura. Magari mawili ya aina moja yanaweza kuwa na maboksi tofauti, kwa hiyo nenda na la zamani mkononi, linganisha namba na plagi moja moja. La mtumba lipindue utazame chini, maana juu limeshafutwa vumbi. Na mwambie muuzaji akupe na plagi zake zikiwa na kipande cha waya. Plagi iliyoungua ukiichomeka kwenye boksi zima, inaliharibu na hilo.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka utulivu. Piga picha kwa simu kabla hamjagusa kitu, kisha kila plagi izungushiwe solotepu yenye namba. Betri ifunguliwe upande wa hasi kwanza na urudishwe mwisho; spana ikigusa bodi wakati uko kwenye chanya, ni shoti. Nati za zile waya nene zinazotoka kwenye betri zikazwe vizuri, kwa sababu hapo ndipo umeme mwingi unapopita.

Fyuzi zirudi kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Fundi akitaka kuweka ya kijani penye bluu "ili isisumbue", mkatalie. Waya wa hapo haukupimwa kwa mzigo huo, na utaungua kabla fyuzi haijakatika. Za kuviringishia waya wa shaba hata sizijadili.

Mkimaliza, jaribu honi, kisha washa taa, feni na waipa kwa pamoja, acha injini iungurume nusu saa, halafu shika boksi kwa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Likikuunguza, zima, rudini kwenye zile nati.

La zamani ondoka nalo. Relei zake, yaani zile swichi za umeme zilizochomekwa humo, bado zinafaa, na fundi anajua hilo ndiyo maana atakuambia, "Hili niachie tu nitupe."