"Set aside" ya mahakamani: kuweka kando au kutengua?

SWALI: Ninatafsiri nyaraka za kisheria. Kwenye uamuzi wa rufaa nilikuta "the judgment is set aside", nikaandika "hukumu imewekwa kando". Mhariri akaandika "imetenguliwa". Kuna tofauti gani?

JIBU: Mhariri yuko sahihi, na tofauti si ndogo. Kilichowekwa kando bado kipo, kinangoja kurudiwa. Mfungwa akisomewa kwamba hukumu yake imewekwa kando, atadhani ipo siku itamrudia. Kumbe majaji wamesema haina nguvu tena. Na tangu sheria ya mwaka 2021 ikifanye Kiswahili lugha ya mahakama Tanzania, maneno haya yanamfikia mdaawa moja kwa moja, bila wakili kumfafanulia.

Kutengua ni kukiondolea nguvu kitu kilichokuwa kimesimama. Waislamu wanalitumia neno hili kila siku: usingizi mzito hutengua udhu. Udhu ukishatenguka, mtu hutawadha upya kabla ya kusali. Hukumu ya upande mmoja nayo ni hivyo hivyo. Mdaiwa hakufika, mahakama ikaamua bila yeye. Akitoa sababu ya msingi, hukumu inatenguliwa na shauri linasikilizwa upya.

Usichanganye na kubatilisha. Rais akitengua uteuzi wa mkuu wa wilaya, hasemi kwamba uteuzi ule ulikuwa haramu, ameuondoa tu. Batili ina kasoro ndani yake. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliubatilisha uchaguzi wa rais wa Agosti 8 kwa kuwa haukuendeshwa kwa mujibu wa Katiba. Nakiri magazeti huyabadilishana maneno haya, hasa kwenye kesi za ubunge, lakini mtafsiri wa sheria ayatenganishe. Rufaa za jinai zenyewe zinamdai afanye hivyo: kwenye "quash the conviction and set aside the sentence" kuna vitenzi viwili, nami huandika "tunabatilisha hatia na kutengua adhabu".

Kitenzi hicho hicho cha Kiingereza kikizungumzia fedha, Kiswahili kinataka kutenga: halmashauri imetenga fedha za madawati. Angalia pia herufi moja isikuponyoke. Bomu na kitendawili hu-te-gu-liwa, bila n, hukumu hutenguliwa.