Kumshukuru mama anayejitolea sinagogini

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: mama huyo amewaandalia meza ya kidushi (baraka ya divai na vitafunio baada ya ibada) kila Sabato kwa miaka mingi bila malipo, nanyi mnataka kumshtukiza kwa ngao na picha Jumamosi baada ya ibada.

Nia ni njema, ila badilisheni siku. Katika sinagogi zinazoshika Sabato kikamilifu hakuna kupiga picha wala kuandika, hata jina kwenye kadi, mpaka nyota tatu zionekane jioni, kwa hiyo ngao isubiri Jumapili. Sabato yenyewe ina heshima zake. Anaweza kuitwa kutamka baraka mbele ya Taurati, ikiwa sinagogi yenu huwaita wanawake (za Kiorthodoksi kwa kawaida haziwaiti), na ipo pia sala ya kuwaombea wanaoshughulikia mahitaji ya jumuiya kwa uaminifu, inayowataja hata wanaotoa divai ya kidushi na mkate wa wageni. Mama huyo yumo humo kabisa!

Mkichanga fedha, toeni sadaka kwa jina lake kwa mafungu ya 18, ambayo ni jumla ya thamani za herufi (kila herufi ya Kiebrania huhesabiwa pia kama namba) za neno la Kiebrania lenye maana ileile ya "hai" yetu.

Sisi tulikosea jambo moja: siku ya kumheshimu mpishi wetu, tulimwacha asubuhi nzima akimenya mayai ya sherehe yake mwenyewe. Ninyi vaeni aproni, yeye aketi.

Kabla ya kuchapisha chochote, mwoneni rabi, kisha mwulizeni mtoto wa mama huyo faragha kama mama hupenda kusifiwa hadharani.