Mkanda au dijitali? Niambie kwanza nani atakusafishia picha

Juzi binti mmoja wa Unguja kaniandikia: "Shikamoo anti. Napiga picha za maharusi, ndani kwa wanawake. Nimedunduliza milioni mbili na nusu. Ninunue kamera mpya ya dijitali au nitafute ya mkanda? Naona watu wanarudi kwenye mkanda, picha zake zina utamu wake." Marahaba, mwanangu. Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa, maana swali hili naletewa kila ikiingia Mfungo Mosi na harusi zikafunguka.

Kuna jambo hakuniuliza, na wenzake pia hawaulizi. Wanataka kujua megapikseli ngapi, Canon au Sony, yenye kioo ndani au isiyo na kioo. Hakuna anayeuliza picha itapita mikononi mwa nani tangu anapobonyeza mpaka bibi harusi aishike. Kwa kazi yetu hilo ndilo la kwanza, na mimi nililijua kwa kuumizwa.

Nilianza na mkanda mwishoni mwa miaka ya 1990, Tanga, tena bila mapenzi yoyote. Dijitali tulikuwa tunaisikia tu. Mjomba aliniachia Pentax K1000. Kamera hiyo iliingia sokoni mwaka 1976 na ikaendelea kutengenezwa mpaka 1997, na kilichoipa umri mrefu ni kwamba haina makuu: betri yake ndogo kazi yake ni kupima mwanga tu, ikifa unaendelea kupiga kama kawaida. Unavuta mkanda kwa kidole gumba, unazungusha lenzi mpaka sura itulie, unabonyeza. Picha 36, basi.

Kazi nilipata kwa sababu moja, kwamba mimi ni mwanamke. Siku ya singo, bibi harusi anaposuguliwa manukato mwilini, na usiku wa hina wanaume mwisho wao barazani. Wapiga picha wa mjini wakati ule karibu wote walikuwa wanaume, wana kamera za kunitia haya, na walikuwa wakiicheka waziwazi Pentax yangu iliyochubuka kwenye kona. Tukifika mlangoni mama wa bibi harusi anawaambia wao wangoje, mimi napita. Raha niliyokuwa nikiipata hapo sifichi.

Ikaja harusi moja ya Ngamiani, hapo hapo Tanga. Bibi harusi amekaa mkekani, ametoka kusingwa, mabega wazi, somo wake, mwanamke anayemfunda, anamfumua nywele, na mmoja wa mashoga zake kasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Bibi harusi akacheka hadi akafumba macho. Nilimpiga wakati ule ule. Hata leo nasema ile ni miongoni mwa picha nzuri nilizowahi kupiga.

Mkanda nikaupeleka kusafishwa studio moja ya mjini, siitaji jina. Nikalipa, nikachukua picha zangu na negativu zangu, nikawakabidhi wenyewe. Baadaye kaka wa bibi harusi akashuka kwenye basi, akamwona dada yake kwenye kabati la kioo la studio ile, picha imekuzwa, kichwa wazi, mabega wazi, inatazama barabara. Walikuwa wamejichapishia nakala yao.

Ndugu wa bibi harusi hawakuja kwangu. Walikwenda kwa mama yangu, na anayeijua Tanga anajua uzito wa hilo. Mama akawakaribisha, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita. Nikaenda studio. Mwenyewe akanijibu huku anaandika risiti ya mtu mwingine: "Picha nzuri ndiyo inayotangaza studio. Ulitaka niweke mbaya?" Aliitoa siku kaka zake bibi harusi walipokwenda wenyewe. Radhi hakuniomba. Msimu ule hakuna nyumba iliyoniita tena, na yeye mpaka leo watu wanamtaja kwa heshima. Haya.

Kwa hiyo binti yangu akiniambia mkanda una utamu, namwelewa, unao. Lakini mkanda wa rangi hauwezi kukaa siri yako peke yako. Dawa za rangi zinataka joto la nyuzi 38 lisilopanda wala kushuka, na ndiyo maana wengi tuliuachia mtambo wa studio. Anayetia mkanda mtamboni anaona, anayechapisha anaona, anayekata na kutia kwenye bahasha anaona. Siku hizi maabara za rangi zimepungua sana, mkanda wako huenda ukasafiri kabla haujafika kwa wa kuusafisha. Ukipita uwanja wa ndege wenye mashine mpya za kukagua mizigo, zile zinazozungusha miale pande zote, mkanda unaweza kuungua kabla hata haujasafishwa. Omba ukaguliwe kwa mkono.

Kisha kuna rangi zetu. Miaka mingi Kodak ilikuwa ikiwapa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi wakaizoea kwa jina la Shirley. Mashine ikishapatanishwa na ngozi ya Shirley, bibi harusi wa Tanga aliyepakwa liwa anatoka kama kivuli chenye meno. Waliowahi kufanya kazi Kodak wamesimulia kwamba kampuni ilianza kuhangaikia rangi za kahawia baada ya wauza chokoleti na watengeneza samani kulalamika. Sisi tulikuwa tunalalamikiana wenyewe kwa wenyewe. Mikanda ya leo ni mizuri, siikashifu, lakini anayeskani bado anaweza kukuharibia ngozi ya mtu, na yuko mbali, humwoni.

Nilipopata Canon 5D Mark II ya mtumba, ile iliyotoka mwaka 2008, mwenzenu nililala na kadi chini ya mto. Usiku wa hina nimepiga, nimerudi, nimefunga mlango, nimetia kadi kwenye kompyuta yangu, nimetazama picha peke yangu. Hakuna mtu kati. Toka siku hiyo nikawa nawaambia kina mama mlangoni: picha za binti yako sitazionyesha wala kuziweka popote bila ruhusa yako kwa maandishi. Neno hilo limeniletea kazi kuliko lenzi yoyote. Nimepiga Tanga, Pemba, Mombasa, nimepelekwa mpaka Muscat kwa nauli ya wenyewe. Wale walionicheka sijui wako wapi. Nasema kwa kujisifu, na nina haki.

Lakini msidhani dijitali ina siri yenyewe. Simu yako ikiwa imeunganishwa na kamera, picha zinaweza kujipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni wakati unakunywa chai. Kijana unayempa kazi ya kuhariri ana flashi ya kunakilia mafaili mfukoni. Na kufuta picha kwenye kadi hakuiondoi. Hata kuiformati kwa kawaida kunasafisha orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka ziandikwe nyingine juu yake, na programu za kuzifufua ziko bure. Vijana wa sasa, nawasema kwa sababu nawapenda, mnatumia mamilioni kwenye bodi, yaani kamera bila lenzi, halafu picha za watoto wa watu mnamtumia mhariri kwa WhatsApp. Hapo kuna heshima gani? Mama kakufungulia chumba ambacho hata mjomba wa bibi harusi haingii.

Turudi kwenye pesa. Chumba cha singo ninachokijua mimi kina kitanda, mkeka, kabati, na wanawake wamejaa hadi mlangoni. Kurudi nyuma huwezi. Kamera nyingi za bei ya kuanzia zina sensa ndogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga badala ya mkanda, na lenzi ya milimita 50 kwenye sensa ya namna hiyo inaona kwa ufinyu kama ya 75 au 80: utapata pua na jicho, mkono unaopakwa hina huupati. Watu wanaikimbilia 50 kwa kuwa ni rahisi, na kwa sura ya mtu mmoja ni nzuri. Kwa chumba kile unataka 35 kwenye sensa kubwa, au 24 kwenye ndogo. Lenzi kwanza. Nitarudia mpaka mnichoke: lenzi kwanza, taa ya pili, bodi mwisho.

Taa, kwa sababu hina ni usiku. Mkanda wa ISO 400, kipimo cha wepesi wa kushika mwanga, ukishautia ni 400 mpaka picha ya 36, na chini ya taa moja ya darini utabaki kuomba. Dijitali unapandisha hadi 3200 ukitaka, unashusha ukitoka uani. Hata hivyo nunua flashi ya kamera yenye kichwa kinachogeuka, igeuzie ukutani au darini, mwanga urudi laini. Ukimwelekezea bibi harusi usoni, mafuta na dhahabu vyote vinameta, ngozi inapotea. Kumbuka pia kwamba mkanda wa negativu unavumilia mwanga ukizidi, dijitali haivumilii: shela jeupe likishaungua kwenye kadi hakuna uhariri utakaorudisha nakshi zake. Mimi napima mwanga kwenye shela, uso naupandisha baadaye.

Zile kamera zisizo na kioo zina shata, kile kinachofungua na kufunga mwanga, ya kielektroniki isiyotoa sauti, na wakati wa kufungisha ndoa ni neema. Ukiingia ukumbini kwenye taa za LED za rangi izime shata hiyo, la sivyo picha zinatoka na mistari.

Halafu kuvu. Sisi watu wa pwani tunapoteza lenzi nyingi kwa unyevu, na wauzaji wanalijua hilo, wanakunyamazia. Kuvu huanza kama uzi mwembamba wa buibui ndani ya kioo, ukiuacha unakula ile rangi iliyopakwa juu ya lenzi, na hapo fundi hana la kufanya. Usihifadhi lenzi kwenye kabati la nguo wala kwenye mfuko wa ngozi. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tia pakiti za silika za kunyonya unyevu, za kutosha, zikishalowa zikaushe au ubadilishe. Gharama yake ni ndogo kuliko soda za harusi.

Je, mkanda niutupe? Hapana, Pentax ya mjomba ipo na inafanya kazi. Nenda Mji Mkongwe hapo hapo kwenu ukatazame picha za Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Unguja ya kabla ya mapinduzi ipo kwa sababu negativu ziliwekwa. Negativu ya nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri inakaa vizazi, na haihitaji nywila. Disiki za picha zangu za mwanzo za dijitali nyingine zilishakufa.

Ila mkanda ninaoutumia sasa ni mweusi na mweupe, na nausafisha mwenyewe bafuni. Huo hauhitaji mtambo: tangi dogo, dawa, na giza wakati wa kuuingiza. Shida yake huku kwetu ni joto. Dawa nyingi zinataka nyuzi 20, na maji ya bomba ya Tanga hayajawahi kunipa nyuzi 20. Naweka chupa za dawa ndani ya beseni lenye barafu ya dukani, natazama kipimajoto mpaka kishuke, natoa barafu, naanza haraka. Dawa ikiwa moto picha inakolea kupita kiasi na chembe zinakuwa nene. Mwaka jana familia moja iliniita nimpige bibi yao kwa Pentax, kakaa na ushungi wake na kikuba kifuani. Niliwakabidhi picha pamoja na negativu zenyewe, nikawaambia sina nakala. Mjukuu wake alinilipa zaidi ya nilichotaja. Kwa kazi kama hiyo mkanda naukubali, kwa sababu hakuna aliyeushika ila mimi na wao.

Basi binti yangu, milioni mbili na nusu zako usizimalize kwenye kamera mpya ya boksi. Tafuta bodi ya mtumba yenye sensa kubwa na nafasi mbili za kadi, Canon 5D Mark III ya 2012 au Nikon D750 ya 2014, ili kila picha iandikwe mara mbili papo hapo. Ile Mark II yangu ilikuwa na nafasi moja na roho ilikuwa juu kila harusi. Lenzi ya 35, flashi, betri ya akiba, kadi, disiki mbili za nje zenye nywila, kontena la silika. Kitakachobaki weka, mkanda utaununua mwakani ukiwa na wateja.

Ukivuka kwenda Kariakoo kununua, nenda asubuhi na kadi zako mwenyewe. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, fungua lote tundu la kupitishia mwanga, utazame kwa mbele: uzi wowote, irudishe. Uliza shata imebonyezwa mara ngapi. Bodi hizo mbili watengenezaji waliziwekea makadirio ya 150,000. Bana tundu hadi 16, piga mbingu, ukuze picha utazame madoa. Jaribu nafasi zote mbili za kadi. Ukipewa kadi ya bure na muuzaji usiipokee, na siku utakayouza wewe, chomoa zako ubaki nazo. Akikuambia dukani hawaruhusu kujaribu, boti ya jioni ipo, rudi na pesa zako.