Laki sita ya Kisumu

Wadogo zangu wa Igoma,

Kwenye kundi la familia mmeshapiga hesabu: mshahara wangu wa 30,000 ya Kenya mara 20 kuupeleka kwenye shilingi yetu, laki sita. Mkasema dada anakula bata peke yake, sasa kitinda mimba naye apande basi la Sirari, mpakani, anifuate Kisumu.

Hesabu ni sahihi, ila mmezidisha upande mmoja. Chumba changu 6,000. Zidisheni na hiyo: laki na ishirini, na choo tunagombania wapangaji wote. Nauli, unga, maji ya madumu, vyote vina ishirini yake.

Kazi yenyewe ni kukaanga samaki kwenye kibanda kando ya Ziwa Victoria. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hili, sisi Watanzania tuna karibu nusu. Kwa hiyo siku nyingi nafungua boksi la sato wa China, wamegandana kama matofali, nawaloweka mpaka waachane. Mteja anageuza kiti atazame maji, ananawa, anaanza kumchambua. Anasifia samaki wa ziwa. Mimi mtoto wa Mwanza nasonga ugali, nimenyamaza.

Kuhusu vibali: msidanganywe kwamba Afrika Mashariki ni moja. Itifaki ya Soko la Pamoja, ule mkataba wa nchi za Jumuiya wa watu kufanya kazi nchi yoyote, imeanza Julai 2010, lakini kibali cha kazi bado unakiomba, na mkataba wa mwajiri uwe mkononi. Mwajiri wangu alinizungusha miezi minne, na kila gari la polisi likipita nilikuwa najificha nyuma ya mkaa. Halafu Julai 2025 serikali yetu ikazuia wageni kufanya biashara ndogo za aina 15, saluni na ufundi simu zikiwemo. Nani aliulizwa maswali jikoni wiki hiyo? Mimi. Eti, "Dada, nyinyi mnatufukuza, na wewe uko hapa?" Sikuwa na jibu.

Sijutii, msinielewe vibaya. Ada ya mama ya kliniki inatoka hukuhuku. Ila kijana wa kuja kuosha sahani tunao wa kutosha. Kinachotafutwa hapa ni dagaa, wao wanaita omena, na mzigo mwingi unatoka kwetu. Kitinda mimba aende soko la Mwaloni Kirumba, hapo Mwanza, alfajiri, aniulizie bei ya gunia. Waliokaushwa kwenye chanja, sio wa mchangani, wa huku wakitafuna mchanga hawarudi. Mimi Jumamosi napita soko la Kibuye, hapa Kisumu, kuuliza wananunuaje.