Hammerfest si nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini usipange safari ya siku moja

Shikamooni wakubwa zangu wa Tanga, na wadogo hamjambo. Shangazi ameniuliza mambo mawili kwa ajili ya binti yake anayetarajia kuja huku Januari. Kwanza, kama ni kweli tunaishi kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Pili, kwa nini kila nikiulizwa kama nitampokea siku fulani najibu "tutaona hali ya hewa". Amedhani namkwepa. Hapana, Shangazi, sikwepi. Acha nijibu kwa kirefu, na ndugu wengine wanaowaza kuja wasome pia.

Nianze na baridi. Hammerfest iko juu kabisa ya Norwei, kwenye digrii 70 kaskazini. Sehemu nyingi za dunia zilizo mbali hivi bahari huganda. Hapa haigandi, maana mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki unapanda na pwani ya Norwei hadi Bahari ya Barents. Januari ya kawaida ni nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri, na siku nyingine inanyesha mvua kabisa. Baridi mnayosimuliwa ipo bara. Karasjok, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka kwetu, ilipimwa nyuzi 51.4 chini ya sifuri tarehe 1 Januari 1886, na rekodi hiyo bado haijavunjwa Norwei nzima. Kwa hapa mjini nguo za sufu ndani na koti la kuzuia upepo juu vinatosha.

Kinachotutawala ni upepo. Sisi tumekulia kwenye kaskazi na kusi, pepo zinazoshika miezi, mvuvi anajua msimu wake. Huku upepo unaweza kugeuka mara mbili kabla ya jioni, na kila upande una mambo yake. Ukitoka bara, anga ni safi na baridi ni kavu. Ukitoka kaskazini magharibi, baharini, unaleta theluji kwa vipindi: sasa hivi huoni taa ya jirani, baada ya robo saa nyota zote ziko wazi. Ukitoka kusini magharibi kunapata joto, mvua inanyesha juu ya theluji, kisha usiku vyote vinaganda na barabara inakuwa kioo. Huo ndio upepo ninaouogopa kuliko wote. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na mzee akianguka nje siku kama hiyo, kuvunjika mkono au nyonga ni jambo la kawaida. Hatutoki bila kufunga vyuma vyenye meno chini ya viatu.

Sasa utabiri wenyewe. Kuna dhoruba ndogo za huku kaskazini zinazozaliwa baharini hewa ya baridi kali inapotoka kwenye barafu ya ncha ya dunia na kupita juu ya maji ya uvuguvugu. Maji yanaipasha hewa kutoka chini, inapanda kwa nguvu, inaanza kuzunguka. Dhoruba hizi zina upana wa kilomita mia kadhaa tu, huzaliwa haraka, na nyingi hufa ndani ya siku moja au mbili. Mchana bahari imetulia, usiku ni upepo wa dhoruba na theluji nzito. Zamani, kabla ya satelaiti, zilikuwa zinawakuta wavuvi bila onyo lolote, na pwani hii imezika watu wengi kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana naheshimu sana kazi ya watabiri. Ofisi ya hali ya hewa ya Tromsø, mji mkubwa wa huku kaskazini, imekuwa ikitabiri hali ya hewa ya kaskazini tangu 1920. Tatizo lao ni kwamba upande zinakotoka dhoruba hizo ni bahari tupu. Vipo vituo vichache visiwani, kama Bjørnøya na Jan Mayen, ambako wafanyakazi hukaa miezi wakipima na kurusha maputo yenye vipimo angani. Mengine ni satelaiti na kompyuta. Hata hivyo, wanaweza kujua kesho kuna dhoruba na wasiweze kusema itapiga mji upi. Ikisogea kilomita 50 pembeni, sisi tunapona na wenzetu wanafukiwa.

Binti wa Shangazi, pakua Yr leo. Ni programu ya Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei pamoja na shirika la utangazaji NRK. Usihangaike na picha ya wingu. Tazama namba ya upepo, hasa ile ya mabanoni, maana ndiyo mapigo yake makali. Wanapima kwa mita kwa sekunde: 25 ni kilomita 90 kwa saa. Kisha angalia kama joto litavuka sifuri. Onyo la njano ni kuwa makini, la chungwa ahirisha safari, jekundu kaa ndani. Utabiri wa zaidi ya siku tatu uchukue kama mwelekeo tu.

Na niseme wazi: theluji ya kawaida si udhuru wa kutofika kazini au darasani. Lakini hakuna atakayekulaumu kwa kutovuka mlima siku ya onyo. Giza nalo lipo, karibu miezi miwili bila kuliona jua. Linachosha, na wapo wanaoshindwa wakaondoka.

Kwa safari yako, usikate tiketi ya kufika Tromsø na Hammerfest siku hiyo hiyo. Uwanja wetu wa ndege ni mdogo, njia yake ya kutulia ni fupi, na upepo ukizidi ndege hazitui. Ruka hadi mji wa Alta, ulale hapo, asubuhi upande basi la kuja Hammerfest. Kati kuna nyanda za Sennalandet, ambako siku mbaya magari huvushwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji, na siku mbaya zaidi barabara hufungwa kabisa. Kwa hiyo weka akiba ya fedha ya kulala Alta usiku wa pili. Barabara ikifunguliwa nitakuja stendi kukupokea, saa yoyote ile.