Mbona hawamshushi mtoto joto kuokoa ubongo?

SWALI: Shikamoo dokta. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 7, alidondoka toka juu akaumia kichwa vibaya, sa hivi yuko ICU, kalazwa usingizi wa dawa na mashine ndo inampumulia. Nimesoma mtu akiumia ubongo anashushwa joto la mwili ili ubongo upumzike, sa mbona hawa wanahangaika na homa tu? Halafu kaja mtafiti anaomba ruhusa ya kuchukua taarifa zake, kaka kagoma, anaona tunataka kufanyiwa majaribio. Shangazi mtu.

JIBU: Marahaba shangazi, na poleni sana.

Ulichosoma sio uongo, ila kinawahusu watoto wengine. Kichanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa huwa anashushwa joto mpaka kama nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, na inasaidia kweli, bora waanze ndani ya saa 6. Watafiti wakajaribu pia kwa watoto walioumia kichwa. Mwaka 2008 yakatoka majibu ya watoto 225 wa Kanada, Uingereza na Ufaransa, nusu walishushwa mpaka nyuzi 32.5 kwa saa 24 na wengine wakaachwa kwenye joto la kawaida, na baada ya miezi sita waliopozwa hawakuwa na nafuu yoyote, tena waliofariki walikuwa wengi zaidi upande wao, ingawa tofauti yenyewe haikutosha kusema kwa uhakika kwamba ni baridi ndo iliyofanya. Utafiti mwingine wa 2013 ulisimamishwa njiani maana faida haikuonekana. Ndo maana hawamgusi na hilo, na mimi naona wako sahihi kabisa.

Homa ndo adui sasa. Sehemu ya ubongo iliyokufa pale alipodondoka hairudi, vita yote ni kuokoa za jirani. Ubongo unavimba, fuvu halitanuki, presha ya ndani ikipanda ikapita kama milimita 20 za zebaki damu inaanza kushindwa kuingia vizuri, na mwili ukiwa wa moto ubongo unataka oksijeni nyingi zaidi wakati ndo hiyo hiyo inayokosekana. Angalieni manesi wanavyofanya, kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa kama nyuzi 30, shingo imenyooka, mtoto akigeuka kidogo tu wanamrudisha katikati, maana shingo ikijikunja mishipa inayotoa damu kichwani inabanwa na presha inapanda. Na kile kitochi wanachomulika machoni kila mara ni kuona mboni zinasinyaa sawa zote mbili. Vitu vidogo hivyo, ila kazi kubwa ya ICU iko hapo.

Sasa mtafiti. Kaka yako ana haki ya kuogopa, ila amuulize kwanza: matibabu ya mtoto yatabadilika, au mnaandika tu yanayoendelea? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Kuna utafiti mmoja mkubwa ulioanza 2014 ulikusanya watoto 1,000 walioumia kichwa vibaya kwenye nchi kadhaa, hakuna aliyebadilishiwa dawa, walilinganisha tu hospitali inayofanya hivi na inayofanya vile, na wakakuta kwamba kutoa maji ya ubongo kwa mrija ili kushusha presha, kitu ambacho wengi tulikiamini, hakukuhusiana na mtoto kuwa na hali nzuri zaidi baada ya miezi sita. Bila wazazi kukubali tungeendelea kukisia tu. Amuulize pia jina la mtoto litaonwa na nani, na kama akibadili mawazo kesho anaweza kujitoa bila matibabu kuguswa (jibu linatakiwa liwe ndiyo, likiwa kingine asisaini). Kama ni taarifa tu, mimi ningesaini. Kama ni dawa mpya, ningekaa chini na karatasi nzima nisome mpaka mwisho, na mtafiti anayeharakisha mzazi simwelewi kabisa.

Lingine hujauliza ila najua mnalisikia, zile namba wanazotajiana asubuhi, sijui nane, sijui sita. Hicho ni kipimo cha Glasgow cha tangu 1974, kinaanzia 3 (hali mbaya kabisa) mpaka 15 (mtu yuko macho na anajitambua), kinaangalia macho, maneno na mwendo wa mwili. Mtoto akiwa kwenye usingizi wa dawa na mrija mdomoni namba inashuka yenyewe, kwa hiyo msihesabie hapo, ulizeni ilikuwa ngapi kabla hajalazwa usingizi.